Ruhusa ya Kutoka

Kwa muda wa miaka 34 nilichora chembe hai ubaoni kwa namna moja tu. Duara kubwa kwa chaki nyeupe, duara dogo katikati kwa chaki nyekundu, na baina ya hayo mawili nilitia nukta nyingi kwa ncha ya chaki, ta-ta-ta-ta, hadi vumbi likanijaa mkononi. Duara la nje ni utando, la ndani ni kiini, na zile nukta, niliwaambia wanachuo wangu, ni uji. "Chembe hai ni kifuko cha uji chenye kiini," nilisema, nao waliandika. Kisha wakaenda kufundisha shule za msingi, wakachora duara lile lile kwa watoto wa watu. Nimejaribu kupiga hesabu ya watoto hao, nikaiacha njiani.

Nilikuwa na mfano mmoja zaidi niliojivunia. Niligonga duara jekundu kwa kiboko cha kuonyeshea, nikasema, "Na huyu hapa ni Mkuu wa Chuo. Hakuna linalotendeka bila amri yake." Wanachuo walicheka, maana Mkuu wa Chuo nilikuwa mimi. Nami nilipenda wacheke mahali hapo.

Nilistaafu mwaka 2010. Mwaka uliofuata nikaanza kuamka usiku mara nne, mara tano, na kiu isiyokatika hata ningemaliza mtungi. Hospitalini walinichoma kidole, wakaniambia nina kisukari, wakanipa vidonge na karatasi ya vyakula. Nikala vidonge, karatasi nikaifungia kabatini. Sikuuliza mengi. Mwalimu wa sayansi hapendi kuonekana mbele ya muuguzi kijana kuwa hajui kongosho linafanyaje kazi, na ukweli ni kwamba nilikuwa sijui. Nilijua linatoa insulini. Namna linavyoitoa, hilo halikuwamo katika maandalio yangu ya masomo.

Aliyenifungua macho ni mjukuu wangu wa kike, anayesomea sayansi chuo kikuu. Kwetu mjukuu na babu ni watani, naye tangu utotoni ananiita mume wake na kumtishia bibi yake kuwa atamfukuza jikoni. Likizo moja alikuja na picha katika kompyuta yake. Mandhari yalikuwa meusi, na katikati yake kitu chenye umbo la jani lililojaa nyuzi za kijani zinazong'aa. Nyingine zilinyooka kama kamba za hema, nyingine zilisukwa ukingoni kama ukili. Alinieleza kuwa wamechukua sumu ya uyoga fulani hatari, iitwayo faloidini, ambayo hung'ang'ania nyuzi hizo na kuacha vingine vyote. Wameifunga na rangi inayong'aa, na hivyo kila uzi uliojificha ndani ya chembe hai umeonekana.

"Mume wangu," alisema, "uji wako ndio huu."

Nilicheka, lakini nilikaa na picha ile hadi chai ikapoa.

Nyuzi hizo zimeundwa kwa protini iitwayo aktini. Ilitambuliwa mwaka 1942 katika mji wa Szeged, Hungaria, na Brunó Straub, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya Albert Szent-Györgyi. Huyo wa pili ndiye aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1937, naye ndiye aliyeona kuwa pilipili za nchini kwake zimejaa vitamini C. (Nilifundisha habari za pilipili hizo miaka yote bila kujua kwamba nyumba ile ile ilizaa jambo kubwa zaidi.) Dunia ilikuwa vitani, nao walikuwa wakitafuta siri ya misuli. Miosini ilikuwa imekwisha kujulikana. Walichokipata ni mwenzake anayeiamsha. Kwa miaka mingi baada ya hapo watu waliihesabu aktini kuwa mali ya misuli peke yake. Ni katika miaka ya 1960 ndipo ilipotolewa katika viumbe wa ute wasiokuwa na msuli hata mmoja, na kuanzia hapo kila walipotafuta waliikuta: katika hamira, katika majani ya mimea, katika ubongo. Sasa inajulikana kuwa ni miongoni mwa protini zilizo nyingi kuliko zote katika chembe hai zetu.

Ukitaka kuiwazia, chukua shanga, zitunge katika nyuzi mbili, uzisokote pamoja. Uzi mmoja una unene wa nanomita 7 hivi, na katika milimita moja mna nanomita milioni moja. Wataalamu huuita mkusanyiko wa nyuzi hizi na nyingine za aina yake kiunzi cha chembe hai. Neno kiunzi laweza kumpoteza msomaji, kama lilivyonipoteza mimi. Sisi tuliokulia katika nyumba za miti na udongo tunajua kiunzi ni nini: unasimamisha nguzo, unafunga fito kwa kamba, na fito zinakaa hapo hadi mchwa wazile. Fito za aktini hazikai. Shanga zinaongezwa upande mmoja na kupukutika upande mwingine, na uzi mzima unaweza kufumuliwa hapa na kutungwa upya pale kwa muda wa dakika chache. Ni nyumba ambayo fito zake zinajifungua zenyewe na kujifunga kwingine, na nyumba haianguki.

Na kazi ya fito hizo haiishii katika kushikilia ukuta. Protini nyingi za mwilini zinatengenezwa mahali pamoja na kutumika mahali pengine. Njia hiyo ndiyo aliyoifuatilia George Palade katika chembe za kongosho, hatua kwa hatua, hadi akashiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 1974: protini inatengenezwa, inakunjwa, inafungashwa katika vijifuko, na vijifuko vinapelekwa ukingoni. Mimi nilidhani vinaelea tu hadi vifike, kama boga mtoni. La. Kuna mirija mirefu inayotoka karibu na kiini kwenda pembeni, nayo ndiyo barabara kuu. Karibu na ukingo barabara kuu inakwisha, na hapo unaanza msitu wa aktini. Miosini za aina fulani hubeba vijifuko zikitembea juu ya nyuzi hizo kwa miguu miwili, hatua moja nanomita 36, mguu wa nyuma ukipita wa mbele. Nilipoona mchoro wa jambo hilo nilidhani ni katuni ya kufurahisha watoto. Mjukuu wangu aliapa kuwa limepimwa.

Sasa tuje kwenye kongosho langu.

Ndani yake mna vijisiwa vya chembe, na humo mna zile zinazotengeneza insulini, ziitwazo chembe beta. Kila moja ina akiba ya vijifuko vya insulini vipatavyo 10,000. Fikiria ghala lenye magunia 10,000 yaliyo tayari, na mlangoni hayatoki. Mwaka 1972 Orci, Gabbay na Malaisse walichapisha habari ya wavu walioukuta chini tu ya utando wa chembe beta, wavu wa nyuzi nyembamba zilizosongamana. Walitumia dawa itokayo kwa kuvu, iitwayo saitokalasini, ambayo huvuruga nyuzi hizo. Pale palipokuwa na sukari, chembe zilizovurugwa wavu zilitoa insulini nyingi zaidi. Ikaonekana kwamba wavu ule ni kizuizi. Mtu akila, sukari huingia katika chembe beta na kuchomwa, umeme wa utando hubadilika, kalisi huingia, na wavu hulegezwa ili vijifuko vifike kwenye utando na kumwaga kilichomo.

Laiti mambo yangeishia hapo, wavu ungekuwa adui, nasi wagonjwa tungeomba dawa ya kuuvunja. Lakini kazi ya miaka iliyofuata ilionyesha kuwa ni wavu huo huo unaoviweka vijifuko karibu na mlango, na ni nyuzi hizo hizo zinazopitiwa na miosini zinapoleta vingine kutoka ndani. Sukari inapopanda, insulini hutoka kwa awamu mbili. Katika dakika chache za mwanzo hutoka iliyokwisha kusogezwa mlangoni. Kisha hufuata awamu ndefu ya taratibu, inayotegemea vijifuko vipya vinavyoletwa kupitia wavu, na hapo aktini inafumuliwa na kufumwa upya muda wote chini ya maelekezo ya protini nyingine ndogo, kama Cdc42 na Rac1. Kwa vyovyote vile ni sehemu ndogo tu ya akiba inayotoka. Ingetoka yote kwa pamoja, sukari ingeporomoka na mtu angezimia. Sisi wenye kisukari cha aina ya pili, ile awamu ya kwanza ya haraka ndiyo inayopotea mapema.

Kwa hiyo ni kizuizi, na ni njia. Nyuzi zile zile, mahali pale pale. Mjukuu wangu alipolisema hilo nilinyamaza, akadhani sijaelewa, akaanza kunieleza upya. Nilikuwa nimeelewa. Nilikuwa nimekumbuka lango langu.

Niliteuliwa kuwa Mkuu wa Chuo mwaka 1985, katika chuo cha ualimu kilichokuwa nyanda za juu za kusini. Nilikuta utoro umekithiri. Wanachuo waliingia na kutoka kama kuku, wengine walilala mjini, na kila asubuhi mchakamchaka ulikimbiwa na nusu yao. Nikapanda ua wa michongoma kuzunguka chuo kizima, nikaweka lango moja, na langoni nikamweka mzee mmoja askari mstaafu. Sheria ilikuwa fupi: hatoki mtu bila fomu ya ruhusa yenye sahihi ya Mkuu wa Chuo. Nilimaanisha sahihi yangu, si ya msaidizi wala ya mwalimu wa zamu. Utoro ulikwisha. Wakaguzi walinisifu, nami nikaweka barua yao ya sifa katika fremu.

Mwaka 1987, Ijumaa moja alasiri, ilikuja telegramu kwa mwanachuo wa mwaka wa pili. Mama yake alikuwa mgonjwa sana, aje. Kwao ilikuwa safari ya siku moja kwa basi. Mimi nilikuwa nimekwenda mkutanoni Dodoma. Kijana alikwenda kwa Makamu wangu, Makamu akasoma telegramu, akamwonea huruma, akamwambia hana mamlaka. Akaenda langoni. Mzee wa lango naye akamwonea huruma, akampa hata kiti akae, lakini hakufungua. Jumamosi asubuhi basi likapita barabarani, akilisikia.

Angeweza kuruka ua. Upande wa jikoni michongoma ilikuwa na pengo ambalo kila mwanachuo alilijua, na mimi nililijua. Hakuruka. Alikuwa kijana mtii, wa aina ile niliyokuwa nikiwataja gwarideni kuwa mfano. Alisubiri Jumamosi, Jumapili, na Jumatatu mchana kutwa. Nilirudi Jumatatu jioni, nikatia sahihi palepale kwenye boneti ya gari. Aliondoka Jumanne. Mama yake alikufa Jumapili alfajiri na alizikwa Jumatatu.

Aliporudi baada ya wiki moja alikuja ofisini kurudisha fomu, kama sheria ilivyotaka, imejazwa vizuri, tarehe ya kutoka na tarehe ya kurudi. Nilisema "Pole sana." Alisema "Ahsante, Mkuu." Fomu nikaiweka katika faili. Hayo ndiyo mazungumzo yote. Wala sikubadili sheria mwezi ule. Nilingoja hadi mwaka uliofuata, ili isionekane kuwa nimebadili kwa sababu hiyo.

Nimetafuta mara nyingi kosa lilikuwa wapi. Lango lenyewe sikubali kuwa lilikuwa kosa, hata leo. Chuo kisichokuwa na ua si chuo, kama chembe beta isiyokuwa na wavu inavyomwaga kupita kiasi. Mzee wa lango hakukosa, alifanya alilotumwa. Naona tofauti iko mahali pamoja. Wavu wa chembe beta unalegezwa pale pale ukingoni, kwa habari iliyofika hapo hapo: kalisi imeingia, basi nyuzi zilizo karibu zinaachia. Hakuna kijifuko kinachongoja kiini kitie sahihi. Nilimwuliza mjukuu wangu kuhusu kiini, maana yule Mkuu wangu wa chaki nyekundu alikuwa bado ananisumbua. Akaniambia, "Babu, zitazame chembe sahani za damu." Ni kweli. Hizo hazina kiini kabisa. Mtu akijikata, zinabadili umbo kwa kupanga upya aktini yao na kumwaga vijifuko vyao hapo jerahani, na damu inaganda. Kiini kina kazi yake kubwa, kinaweka maagizo ya namna ya kutengeneza protini zote hizo, lakini ya langoni yameachiwa walio langoni.

Hilo sikulijua mwaka 1987. Hata hivyo sitaki kujificha nyuma ya ujinga wa biolojia. Kumwachia Makamu kalamu hakuhitaji hadubini.

Nirudi kwenye ugonjwa, maana upo upande wa pili ambao umenisaidia zaidi kuliko karatasi ile ya kabatini. Insulini ikishatoka husafiri katika damu hadi kwenye misuli, na huko nako kuna ghala. Protini inayopitisha sukari kuingia ndani ya msuli, iitwayo GLUT4, hukaa ndani katika vijifuko, na insulini ikibisha hodi vijifuko hivyo hupelekwa kwenye utando. Huko aktini chini ya utando hujipanga upya kuvipokea. Katika maabara, aktini ya chembe za msuli ikivurugwa, GLUT4 haifiki mlangoni inavyopasa. Yaani dawa ya kuvu inayozidisha insulini kwenye kongosho ndiyo inayokwamisha sukari kwenye msuli. Anayetaka kusema kwa neno moja kwamba aktini inazuia au inasaidia, hana budi kwanza aulizwe: wapi?

Na lipo jambo jingine, ambalo mjukuu wangu alilitaja mwishoni kana kwamba si kitu. Msuli unaotumika huivuta GLUT4 mlangoni hata pale insulini inapodharauliwa, kwa njia yake tofauti, ingawa Rac1 na aktini zimo humo pia. Nilikaa wima kitini. Mchakamchaka! Miaka ile yote niliwaamsha wanachuo saa kumi na moja alfajiri, mimi mwenyewe nikiwa nimevaa koti na kushika tochi pembeni ya uwanja, sikimbii hata hatua moja. Sasa kila asubuhi natembea hadi daraja la pili na kurudi, dakika 50. Kipimo changu cha kabla ya chai, kilichokuwa kikicheza kwenye 11 na 12, kwa sehemu kubwa ya mwaka jana kilikaa kwenye 7 na 8. Vidonge sikuviacha, na daktari wangu hataki hata kusikia wazo hilo.

Yule kijana nilikutana naye mara moja tu tangu amalize chuo. Ilikuwa mwaka 2023, katika mazishi ya mwalimu mwenzetu. Alikuwa na mvi nyingi kuliko zangu, naye amestaafu akiwa mwalimu mkuu. Alinijia chini ya mwembe, akainama, "Shikamoo, Mkuu." Nikamwitikia, nikamshika mkono, nikasema kuna jambo la mwaka 1987 ambalo nilipaswa kumwambia siku ile aliporudisha fomu. Alinitazama. Nikalisema lote, vibaya, maneno yakigongana, mbele ya watu wawili waliokuwa wakinywa maji hapo karibu.

Alikaa kimya kidogo. Kisha akasema, "Mzee wa lango alinipa kiti chake, Mkuu. Yeye akasimama." Akaniuliza kama bado yu hai. Nikamwambia alifariki zamani. Akatikisa kichwa, akatazama saa, akasema basi lao la kurudi linaondoka saa tisa, nami nikamsindikiza hadi barabarani.